Mtafsiri na Godoro la Shemeji

Mwaka 2021, katika kipupwe, mimi nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita, watu tusiowajua walichora alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa banda la video la Iyunga. Kila anayeishi kando ya barabara kuu ya Mbeya anaijua alama ile: jengo lililochorwa hubomolewa. Lakini mwezi ule wa Juni barabara haikuwa ikipanuliwa, na waliochora hawakuwa watu wa barabara. Mwenye banda alifika asubuhi, akaweka chini chupa yake ya chai, akautazama mlango kama mteja anayepima kitambaa kabla ya kukinunua.

"Fundi," aliniita, "hebu njoo uone. Rangi yenyewe nzuri, ila wavivu hawa. Si wangemaliza mlango mzima?"

Kisha akafungua, akawasha mitambo, akapuliza maiki mara mbili, fuu, fuu, kama alivyofanya kila siku tangu nimfahamu, akatangaza kwa spika iliyokuwa juu ya paa kwamba filamu ya Ijumaa iko palepale.

Huyo ndiye ninayemwandika. Jina lake silitaji, na hata pale Iyunga waliolijua walikuwa wachache. Sote tulimwita Mtafsiri.

Chumba changu cha ushonaji, ambacho ni sehemu ya mbele ya nyumba yangu, kilipakana na banda lake, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mabanzi. Tulihamia pale, mimi na marehemu mume wangu, Februari 1998. Tangu mwezi huo nilisikia filamu zote za dunia bila kuziona. Zilikuja kwa lugha za watu wengine, naye alisimama kando ya televisheni na maiki yake, akazisimulia kwa Kiswahili: sauti ya jambazi, sauti ya mchumba, sauti ya mama mzazi anayelia, na ikibidi sauti ya farasi. Nikiwa nimeinamia cherehani, niliwajua watu wale wote kwa sauti, na wote walikuwa na koo moja.

Lugha zenyewe hakuzijua. Kichina hakukijua, Kihindi hakukijua, na Kiingereza alikijua kama nilivyokijua mimi kabla ya mwaka 2009, mwaka nilioanza masomo ya jioni ya watu wazima. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2012, nikiwa na miaka arobaini na saba, nikafaulu. Nautaja mwaka kwa sababu watu hupenda kusema "alisomasoma" wanapozungumzia elimu ya mwanamke aliyechelewa. Sikusomasoma. Nilisoma.

Kutojua lugha hakukumsumbua Mtafsiri hata kidogo. Ilipofika picha ya watu wawili kubusiana, alitangaza kwa utulivu, "Hapa wanasalimiana kwa desturi ya kwao," na vijana wakapiga miluzi mpaka mabanzi yakatetemeka. Adhana ya alasiri ilipoanza alizima maiki, akaiacha filamu iendelee yenyewe, akaenda msikitini. Watazamaji walikaa wakitazama midomo ikichezacheza. Aliporudi alivaa kofia yake vizuri, akawasha maiki, akasema, "Nilipokuwa sipo, wamepatana." Hata kama wakati huo walikuwa wanapigana mapanga, basi walikuwa wamepatana kwanza.

Kubwa zaidi ni kwamba alibadilisha mwisho. Hakupenda filamu inayomwua mtu mwema, na hakuruhusu iingie Iyunga ikiwa hivyo. Siku moja niliitazama kwa dada yangu filamu niliyokuwa nimeisikia ukutani mara nyingi, nikaona yule askari mpole anakufa mtoni. Kesho yake nilimfuata.

"Shikamoo Mtafsiri."

"Marahaba, Fundi."

"Yule askari alikufa."

"Alikufia wapi?"

"Mtoni. Nimemwona kwa macho yangu."

"Huko kwa dada yako amekufa," alinijibu huku akimimina chai. "Hapa kwangu alivuka, akarudi kwao, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Watu wametoa hela yao, Fundi. Siwezi kuwarudisha makwao na maiti."

Kila filamu aliifunga kwa maneno yaleyale: "Mwisho ni huu. Asiyeutaka akalale."

Nyumbani kwake, hata hivyo, alikuwa mtu wa kimya. Mkewe alinilalamikia zaidi ya mara moja kwamba mume wake anamaliza maneno yote kazini na kumletea yeye kikohozi tu. Tena mtu huyu ambaye niliwahi kumwona akimtoa nje mlevi mwenye chupa iliyovunjika, akimshika sikio kama mtoto, aliogopa simu. Namba asiyoijua ikipiga, alinyoosha mkono kupitia dirishani kwangu. "Fundi, hebu ongea na huyu." Ndiyo sababu vitisho vilipoanza, sauti iliyovijibu ilikuwa yangu.

Sasa nieleze vitisho hivyo vilihusu nini.

Mume wangu alifariki Januari 2014. Matanga yalipokwisha, mwezi uliofuata, mdogo wake alifika kutoka Iringa na wazee wawili wa ukoo, kwa gari dogo la mizigo lililobeba godoro jipya la sponji. Mvua ilikuwa imeanza. Baadhi ya watu kwao bado wanashika kwamba mke na nyumba ya marehemu humfuata mdogo mtu, na kwamba godoro likishaingia ndani, shauri limekwisha. Shemeji alisimama barazani, akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mke wetu, kamwene. Tumekuja kukaa."

"Kamwene, shemeji. Mmekuja kutoa pole, na pole nimeipokea."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa kwenye cherehani. Walilishusha godoro na kuliweka mbele ya mlango, wakidhani nitaona aibu ya majirani nifungue. Mvua ya Mbeya haina haraka; ilinyesha mchana kutwa. Jioni walipotaka kuondoka nalo, godoro lilikuwa limekunywa maji, na wanaume wawili walishindwa kulinyanyua. Mtafsiri alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda lake muda wote ule. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone anatazama jambo bila kusema neno. Baadaye nilimwuliza kwa nini.

"Ile haikuhitaji kutafsiriwa," alisema.

Miaka sita baadaye mjukuu wake, Zuhura, alirudi kutoka chuoni akiwa na kamera, akitaka kutengeneza filamu ya majambazi. Babu yake alimwambia aachane nao. "Majambazi nimewachoka, wote nawajua kwa sauti. Jirani yangu ana filamu." Zuhura alitafuta kwanza mwigizaji wa mjini, binti mzuri, lakini alilia katika kila picha. Mimi siku ile sikulia. Basi nikacheza mwenyewe, kwenye mlango wangu mwenyewe, na nafasi ya shemeji akaicheza muuza matairi wa jirani. Jina la ukoo hatukulitaja popote. Kibali cha kuonyesha tulikipata, na Zuhura akabandika matangazo: itaonyeshwa kwanza bandani Ijumaa, tarehe 25 Juni 2021, na jioni hiyohiyo itawekwa mtandaoni kwenye chaneli yake.

Matangazo hayakumaliza wiki. Simu zikaanza. "Mkionyesha, banda litawaka." "Mama, una wajukuu?" Waliopiga hatukuwajua, na shemeji alikana siku zote kwamba walikuwa watu wake; hilo nalieleza kama alivyolisema. Mtafsiri alininyooshea simu dirishani na mimi nikajibu kila moja kwa maneno yaleyale niliyoyapanga: "Nimekusikia. Filamu ni saa kumi. Kiingilio utakikuta mlangoni." Mawe yakapigwa juu ya bati. X ikachorwa. Mtafsiri akaniomba kipande cha kitambaa chekundu cha rangi ileile, akatengenezea pazia la mlango, ili, kama alivyosema, vitu vishabihiane.

Kilichotuangusha hakikuwa mawe. Siku ile ya Ijumaa, kabla ya watu kuingia, Zuhura aliunganisha simu yake na skrini kubwa kupima picha, na Mtafsiri alikuwa ameshika maiki kupima spika. Mtu fulani, hatujui alikuwa wapi, alikuwa anajaribu kuingia kwenye akaunti ya Zuhura, na mtandao ukatuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Namba ikatokea juu ya skrini. Mtu aliyezoea kusimulia kila kinachotokea kwenye skrini hawezi kuacha kwa sababu ya ujumbe mmoja. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nikaisikia sauti yake juu ya paa, ikienda mpaka kituo cha mabasi:

"Na sasa, ndugu watazamaji, inaingia meseji! Inasema, usimpe mtu yeyote namba hii. Namba yenyewe ni..."

Akaisoma yote, kwa sauti ya jambazi.

"Babu! Zima maiki! Babu!"

"Imeandikwa kubwa hivi, mjukuu wangu, nikadhani ni ya wote."

Aliyekuwa akiisubiri aliipata kama alivyoipata kila muuza ndizi pale kituoni. Kabla Zuhura hajamaliza kubadilisha neno la siri, chaneli ilikuwa imeshachukuliwa na kupewa jina lingine. Filamu ilifutwa, na pamoja nayo kila kitu alichokuwa amekihifadhi kwenye akaunti hiyo. Kadi za kurekodia alikuwa ameshazitumia upya kwenye kazi ya harusi. Mwenye kiwanja cha banda, naye akiwa amepigiwa simu ya vitisho, alikuja na kufuli, akalifunga kabla ya onyesho.

Zuhura aliketi kwenye benchi langu akalia. Babu yake alisimama mbele yake akivua na kuvaa kofia, kisha akatoa mfukoni flashi iliyofungwa kwenye leso. Ilikuwa na nakala aliyopewa ajifunzie tangazo, picha tupu kabla ya kuwekwa sauti.

"Haina sauti, Babu. Haina hata neno moja. Nani atatazama?"

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi nimeishi kwa filamu ambazo sauti zake sizielewi. Isiyo na sauti kabisa si ndiyo nafuu?"

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa vitunguu niliyemshonea sare za kwaya kwa miaka, alitupa ghala lake Ruaha Mbuyuni, huko bondeni ambako malori ya barabara kuu husimama. Tulionyesha mchana, Jumamosi ya tarehe 17 Julai 2021, kwa kuziba mwanga na maturubai. Watu walikaa juu ya magunia: wachambua vitunguu, madereva, akina mama na watoto mgongoni. Machozi yalianza kabla ya filamu, kwa sababu ya vitunguu, na Mtafsiri akawapongeza kwa kuwahi.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa shemeji na wale wazee wawili. Kutoka Iringa si mbali.

Mtafsiri alitoa sauti zote. Alinitoa mimi, kwa sauti nyembamba kuliko yangu, na alimtoa shemeji, na shemeji akajisikia, akajikunja. Mvua aliifanya kwa kupangusa maiki na kiganja. Picha ilipofika kwenye mlango uliofungwa na godoro mbele yake, shemeji alisimama.

"Simamisha hapo!"

Zuhura akasimamisha. Shemeji akawageukia watu.

"Mtafsiri, wewe tunakujua mpaka Makambako. Hujawahi kuacha filamu ya mtu iishe kama ilivyo. Zote umezipindisha. Sasa pindisha na hii. Sema mlango ulifunguka, mke wetu akapokea wazee, mambo yakaisha kwa heshima. Ukisema hivyo mbele ya hawa, nyumba ya Iyunga sitaigusa maisha yangu, na wazee hawa ni mashahidi."

Lazima niseme wazi ahadi ile ilikuwa na uzito gani. Tangu 2014 alikuwa akiwaambia watu kwamba nilimfungulia, kwamba godoro liliingia, na kwamba nyumba ni ya ukoo. Kwa miaka saba nilikuwa nikilala katika nyumba niliyoijenga na mume wangu nikijua kuna mtu anayeidai. Neno moja la uongo, kutoka kwa bingwa wa uongo huo, lingenipa usingizi.

Mtafsiri alifunika maiki kwa kiganja, akanisogelea.

"Fundi, hili naliweza hata nikiwa nimesinzia. Nikilisema, una nyumba."

"Nikiwa nayo kwa kusema nilimfungulia, nitakuwa nakaa kwake."

"Kwa hiyo?"

"Sema kilichopo."

"Ndivyo nilivyodhani," alisema. "Nilitaka kukusikia tu."

Akarudi kwenye skrini, akapuliza, fuu, fuu. "Ndugu watazamaji, picha iliganda kidogo, sasa inaendelea. Mlango umefungwa. Shemeji anagonga. Mama yuko ndani, anashona. Anasema kutoka ndani: shemeji, godoro ni lako, na mvua ni yako. Mlango haufunguki. Naangalia vizuri, ndugu zangu, haufunguki. Mwisho ni huu. Asiyeutaka akalale."

"Akalale wapi, na godoro limelowa!" aliita mwanamke mmoja kutoka juu ya magunia.

Kicheko kile nadhani madereva walikisikia barabarani. Shemeji aliondoka, akakanyaga turubai la mlangoni likaanguka, mwanga ukaingia, na watu wakaomba irudiwe. Tuliirudia. Wiki zilizofuata ilirudiwa kila penye ghala na umeme kando ya barabara ile, kwa flashi ileile na koo lileile. Nilimwuliza siku moja, tukiwa safarini, kwa nini filamu zote alizipindisha na hii akawa tayari kuiacha.

"Wale wengine walikuwa mbali, Fundi, hawakuwa na la kusema. Wewe upo ukutani kwangu. Ningepindisha, ningekusikia ukishona kwa hasira."

Agosti shemeji alifungua shauri Iringa. Alitaka filamu izuiwe kwa sababu inasema uongo: yeye alipokelewa, godoro liliingia, nyumba ni ya ukoo. Pande zote mbili zilikubali baraza la usuluhishi, na nikafurahi kukubali, kwa kuwa sasa kila kitu kilikuwa kimeegemea mlango mmoja. Ikithibitika ulifunguka, filamu na nyumba vyote vinaondoka. Ikithibitika haukufunguka, vyote vinabaki.

Baraza lilikaa Alhamisi, tarehe 17 Machi 2022. Mtafsiri sikuwa nimemwona tangu Desemba. Alikuwa amepasuliwa koo. Alipanda ule mlima wa mjini Iringa taratibu, mkewe akiwa amemshika kiwiko, skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa. Mkewe akaniambia, "Sauti imekwenda, Fundi. Daktari anasema hairudi. Na sasa ndiyo anataka kuongea na mimi nyumbani!" Akacheka, akapangusa macho.

Mwenyekiti alitaka kuiona filamu kabla ya kuwasikiliza watu. Zuhura alifunga mitambo. Mtafsiri aliinuka kwa mazoea, akachukua maiki, akapuliza, fuu, fuu. Pumzi ilisikika chumba kizima. Akafungua mdomo, akakaa hivyo kidogo, akaufunga. Kisha akageuka akanipa maiki.

Sikuwa nimewahi kuishika kabla ya siku ile, lakini nilikuwa nimesoma kwa mwalimu huyo huyo, upande wa pili wa mabanzi, miaka ishirini na nne. Nilitoa sauti zote. Wazee niliwatoa kwa heshima. Shemeji nilimtoa kama alivyo. Yangu niliitoa bila kuipunguza.

Picha ilipokwisha, mwenyekiti alimgeukia shemeji. "Unasema godoro liliingia ndani."

"Liliingia, mheshimiwa. Na huyu mama hajawahi kunilipa."

"Akulipe nini?"

"Godoro! Lilikuwa jipya. Liliharibika lote, lilijaa maji, wanaume wawili tulishindwa kulinyanyua!"

"Lilijaa maji likiwa wapi?"

Shemeji aliwatazama wazee wake. Mmoja alikuwa anatazama dari. Mwingine, nampa sifa yake, alisema kwa sauti ndogo, "Nje, mheshimiwa. Lilikuwa nje."

Mchana uleule uamuzi ulisomwa tukiwa tumesimama: filamu ionyeshwe kama ilivyo, na dai la nyumba limefutwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mtafsiri akanyoosha mkono. Alikuja mbele, akachukua maiki kutoka kwangu, akavaa kofia yake vizuri, akamtazama shemeji, akasema. Hapakutoka hata chembe ya sauti, ila midomo tuliiona, na kila mtu mle ndani aliyewahi kukaa kwenye banda la Iyunga au juu ya gunia la vitunguu aliyajua maneno yenyewe.

Shemeji aliokota kofia yake kwenye kiti.

"Nimesikia, Mtafsiri," alisema, akatoka.